Michoro ya Magome ya Wayolŋu: Lugha, Mapenzi na Maji (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Wayolŋu ni wenyeji wa asili wa kaskazini-mashariki ya Arnhem Land, katika Jimbo la Kaskazini la Australia. Wengi wao hujiita watu wa maji ya chumvi. Sanaa yao inayojulikana zaidi duniani ni michoro juu ya magome ya miti na juu ya magogo yenye uwazi ndani, na kitovu chake ni kijiji cha Yirrkala. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa zaidi na wasomaji wa Kiswahili.

Yolŋu hutamkwaje?

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Herufi ŋ ni ng' ya *ng'ombe*, basi tamka "Yolng'u". Herufi ä ni *a* ndefu. Herufi yenye mstari chini yake, kama ṯ au ḻ, hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa nyuma. Alama ya ' ni kukata sauti kooni. Dh na th ndizo zinazowakosesha wengi: si sauti za *dhahabu* na *thelathini*, bali ni d na t za menoni. Wasemaji wa Kimvita na Kiamu, ambao hutofautisha t ya menoni na t ya ufizi, watazipata upesi kuliko wengine.

Lugha yao kwa jumla huitwa Yolŋu Matha. *Matha* ni ulimi, na pia ni usemi. Kila ukoo una matha yake, na mtu husemwa kuwa anamiliki usemi wa baba yake kama anavyomiliki ardhi na maji yake.

Mbona naona mistari tu? Mchoro wenyewe uko wapi?

Mistari ndiyo mchoro. Mistari myembamba inayokatizana, iliyojaza uso mzima wa gome, huitwa *miny'tji*. Kila ukoo una miny'tji yake, na zaidi ya hapo, mahali na mahali pana yake. Mjuzi akitazama mistari peke yake, bila mnyama wala mtu aliyechorwa, atakwambia huu ni ukoo gani, ghuba gani, na maji ni ya aina gani: yametulia, yanachafuka, yanapwa, au yamechanganyika na matope ya mto.

Chukua mfano wa ukoo wa Madarrpa. Miny'tji yao ina umbo la uru, kama uru wa karata, zikiwa zimeungana kama mnyororo. Inatokana na habari za Bäru, mamba wa asili aliyebeba moto mpaka ukaingia baharini mahali paitwapo Yathikpa. Baadaye wawindaji wawili waliokuwa wakimfuata nguva kwa mtumbwi walirusha chusa mahali pale pale. Nguva alikuwa amekimbilia kwenye mwamba wa moto ulioko chini ya maji. Maji yalichemka, mtumbwi ukapinduka, na makafi, chusa na boya vikachukuliwa na mkondo. Ndiyo maana uru zile zile husomwa kama miali ya moto, kama povu, na kama maji yanayokwenda. Usimtake mchoraji achague moja. Zote ni kweli kwa wakati mmoja, na kinachosemwa wazi hutegemea nani anauliza na ana haki ya kujua kiasi gani.

Mng'aro unaoonekana mistari inapokaribiana huitwa *bir'yun*. Ni neno la jua linapomemeteka juu ya maji. Mchoro usiomemeteka haujakamilika, hata kama maumbo yote yapo.

Kama hakuna maandishi, lugha iko wapi?

Iko katika majina. Kila miny'tji huenda pamoja na *manikay*, nyimbo za ukoo, na ndani ya nyimbo hizo mna majina matakatifu ya mahali, ya mikondo, ya mawimbi, ya mawingu yanayopanda baharini. Gome bila majina hayo ni kama hati iliyopotelewa na msomaji wake. Wazee wa Yirrkala hulisema jambo hili kwa uzito kwa sababu lugha inaweza kupungua hata pale ambapo michoro bado inauzwa vizuri. Ndiyo sababu kituo cha sanaa cha Yirrkala kina pia hifadhi ya sauti na filamu, Mulka Project, iliyoanza mwaka 2007.

Maandishi yenyewe yalikutana na magome mwaka 1963. Serikali ilikuwa imekata zaidi ya kilomita za mraba 300 za ardhi ya Wayolŋu katika rasi ya Gove kwa ajili ya mgodi wa boksiti, bila kuwauliza wenyewe. Wakaandika malalamiko kwa taipureta, kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakabandika karatasi katikati ya magome yaliyochorwa pembeni miny'tji za koo zao, gome moja la upande wa Dhuwa na jingine la Yirritja (mafungu mawili tunayoyaeleza hapa chini), wakayapeleka bungeni Canberra mwezi Agosti. Karatasi ilisema kwa maneno, na michoro ya pembeni ilisema ni nani mwenye haki ya kuyasema. Mgodi ulijengwa hata hivyo, na kesi waliyofungua ilishindwa mahakamani mwaka 1971. Sheria ya haki za ardhi ya Jimbo la Kaskazini ilikuja mwaka 1976. Magome yale bado yapo katika jengo la Bunge.

Dhuwa na Yirritja ni nini?

Ni mafungu mawili ya ulimwengu. Kila mtu, ukoo, mnyama, upepo na maji ni Dhuwa au Yirritja. Mtoto hufuata fungu la baba, na mtu huoa au kuolewa na wa fungu la pili, kwa hiyo mama yako daima ni wa fungu lisilo lako. Muŋurru, kwa mfano, maji makuu ya kina ambamo maji ya koo nyingi hukutana, ni Yirritja.

Mapenzi yanaingiaje katika michoro ya maji?

Usitafute mioyo wala wapenzi walioshikana mikono. Mapenzi ya Wayolŋu hupita katika *gurruṯu*, mtandao wa ujamaa unaomuunganisha kila mtu na kila mtu, na kila mtu na mahali. Maji ya ukoo wa mama yako ni mama yako. Uhusiano huo huitwa *yothu yindi*, mtoto na mama, na hutumika kwa watu, kwa koo na kwa nchi. Mtoto wa binti wa ukoo ana kazi ya kuutunza ukoo wa mama yake: huangalia kwamba michoro yake inachorwa sawasawa, na kwa ruhusa anaweza kuichora mwenyewe. Basi mtu anapochora maji ya mama yake hachori mandhari. Anamtunza mama.

Upande wa pili wa mapenzi hayo ni msiba. Roho ya mtu hutoka katika maji ya ukoo wake na hurudi huko: hushuka na mito hadi baharini, hupanda na mawingu, hurudi na mvua kwenye chemchemi. Zamani mifupa ya marehemu iliwekwa ndani ya *larrakitj*, gogo la mkalitusi lililoliwa na mchwa likabaki wazi ndani, na juu yake yalichorwa maji yake ili roho itambue kwao. Wanawake huimba *milkarri*, nyimbo za machozi, na humtaja marehemu kwa maji yale yale, jina baada ya jina. Leo larrakitj nyingi hutengenezwa kwa ajili ya majumba ya sanaa na hazina mifupa, lakini maji yaliyochorwa hayajabadilika. Ukisimama mbele ya magogo kumi ya aina hiyo, fahamu kwamba umesimama mbele ya lugha ya maziko.

Na kuchanganyika kwa maji baridi na ya chumvi?

Huitwa *ganma*. Mto unapokutana na bahari hakuna maji yanayomezwa: kila moja lina nguvu yake, na pale yanapogongana hutokea povu. Walimu wa Kiyolŋu walilichukua neno hili miaka ya 1980 kueleza shule ya lugha mbili wanayoitaka.

Gome hupatikanaje?

Mti ni mkalitusi wenye gome la nyuzinyuzi, *gaḏayka* kwa Kiyolŋu. Gome hukatwa msimu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, wakati utomvu unapanda na gome linaachia shina kwa urahisi. Ukijaribu kiangazi, litapasuka vipande vipande mikononi mwako.

Huchaguliwa mti ulionyooka, usio na vifundo wala matundu ya mchwa. Kwa shoka hukatwa mzunguko mmoja chini na mwingine juu, kisha mkato mmoja wa wima kati ya hiyo miwili, na gome hubanduliwa kwa kijiti polepole kuzunguka shina. Hapo ndipo magome mengi hufa: ukiharakisha, ufa mdogo huanzia kwenye ncha ya mkato na kwenda mpaka katikati.

Ganda la nje lenye nyuzi huchunwa likabaki tabaka la ndani. Gome huwekwa juu ya moto wa wastani. Mvuke hutoka, nyuzi hulainika, na gome lililokuwa limejikunja kama bomba hukubali kufunguka. Hulazwa chini likingali moto, likakandamizwa kwa mawe, magogo au mchanga, na kuachwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Kosa la kawaida ni kuliondoa mapema. Linaonekana kavu juu, lakini unyevu wa ndani utalikunja tena baada ya kuchorwa, na rangi itaondoka kwenye mikunjo. Likikauka vizuri, upande wa ndani husuguliwa kwa msasa mpaka uwe laini.

Rangi na brashi je?

Rangi ni nne: nyekundu na manjano kutoka udongo wenye chuma, nyeupe kutoka udongo mweupe uitwao *gapan*, na nyeusi kutoka makaa au jiwe la manganizi. Jiwe la rangi husagwa kwa kusuguliwa juu ya jiwe bapa lenye maji kidogo, hadi maji yawe mazito kama uji mwepesi. Chembe zikibaki kubwa, mstari utakatika katikati ya safari.

Rangi ya udongo peke yake haishiki. Zamani walitumia utomvu wa okidi au mayai ya kasa. Siku hizi hutumia gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji. Gundi ikiwa kidogo mno, rangi hutoka vidoleni kama vumbi. Ikizidi, uso hung'aa kama plastiki, bir'yun hufa, na rangi hubanduka kwa magamba gome linapotanuka na kusinyaa.

Kwanza hupakwa rangi moja ya msingi, mara nyingi nyekundu au nyeusi. Kisha hufuata mipaka na maumbo makuu, na ndipo kazi ndefu ya kujaza. Brashi yake ni *marwat*: nywele chache za binadamu, zilizonyooka, zilizofungwa kwenye kijiti chembamba. Nywele huloweshwa rangi, zikalazwa kwa urefu wake wote juu ya gome, na mkono ukavuta kwa mwendo mmoja bila kusita. Mistari ya upande mmoja humalizika kwanza, ndipo huja inayoikatiza. Nyeupe kwa kawaida huja mwisho, na ndiyo inayowasha mchoro. Gome la mita mbili huchukua wiki nyingi, na mkono uliochoka huonekana: mistari huanza kunenepa na kuachana.

Wanawake walichora tangu zamani?

Miny'tji takatifu zilikuwa kazi ya wanaume hadi karibu mwaka 1970, wazee walipoanza kuwafundisha binti zao. Leo wanawake ni miongoni mwa wachoraji wakubwa kabisa wa Yirrkala.

Mbona wengine wanachora juu ya alumini na mpira?

Sheria ya wazee ni fupi: ukichora nchi, tumia kilichotoka katika nchi. Kwa miaka mingi maana yake ilikuwa gome na udongo tu. Gunybi Ganambarr akaonyesha kwamba mikanda ya mpira ya mgodini, mabati na alumini zilizotupwa juu ya ardhi ya Wayolŋu nazo zimeokotwa katika nchi. Wazee walikubali. Mwaka 2018 alishinda tuzo kuu ya taifa ya sanaa ya wenyeji wa asili kwa kazi ya alumini iliyochimbwa mistari, iitwayo *Buyku*, yaani mtego wa samaki. Ni mtego wa kuzuia mto, wa jamii moja na wando wetu. Mchoraji mmoja mwanamke wa ukoo wa Madarrpa, ambaye sasa ni marehemu, alitumia wino wa waridi uliobaki katika vibweta vya mashine ya kuchapia, na radi na rasharasha za maji zikawaka kwa rangi ambayo udongo hauna. Hatuoni kwamba huku ni kuacha mila. Miny'tji ni ile ile na ruhusa ni ile ile.

Ni kweli kwamba michoro ilisaidia kupata haki ya bahari?

Ndiyo. Mwaka 1996, katika maji ya Madarrpa kwenye Ghuba ya Blue Mud, ilikutwa kambi ya wavuvi haramu, na ndani ya gunia kichwa cha mamba kilichokatwa. Mahali penyewe, Garraŋali, ni makao matakatifu ya mamba yule yule Bäru. Djambawa Marawili na wachoraji wengine wakajibu kwa kuchora: wasanii 47 walitoa magome 80, kila mmoja akionyesha maji anayoyamiliki na sheria ya maji hayo. Mkusanyo huo, uitwao Saltwater, uko katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari mjini Sydney.

Madai yalifika mahakamani, na michoro ilikuwa sehemu ya ushahidi. Tarehe 30 Julai 2008 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba wenye ardhi wana haki ya peke yao hata juu ya maji yanayojaa na kupwa juu ya ardhi yao. Uamuzi huo unagusa takriban asilimia 80 ya pwani ya Jimbo la Kaskazini. Mvuvi wa biashara anayetaka kuingia eneo hilo lazima aombe ruhusa.

Wayolŋu wana uhusiano wowote na pwani ya Waswahili?

Upo, mdogo lakini wa kweli. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu 9 katika kisiwa cha Marchinbar, visiwa vya Wessel, ambayo ni nchi ya Wayolŋu. Nne zilikuwa za Kiholanzi, tano zilikuwa za shaba za masultani wa Kilwa. Zimefikaje, hakuna ushahidi wa kutosha, na tunawaomba wasomaji wasizigeuze kuwa hadithi ya majahazi ya Kilwa kutia nanga Australia.

Lililo wazi zaidi ni biashara ya majongoo bahari. Kwa vizazi vingi, hadi mwaka 1907, mabaharia wa Makassar walikuja kila msimu na upepo wa kaskazini-magharibi. Waliacha mikwaju, ambayo bado imesimama kwenye fukwe walikopiga kambi. Waliacha pia maneno: pesa kwa Kiyolŋu ni *rrupiya*, ndugu wa rupia yetu, na mtumbwi ni *lipalipa*. Meli zao, matanga na mawingu ya upepo wao vimo katika nyimbo na michoro ya Yirritja hadi leo.

Nitajuaje kwamba kazi ni halisi?

Dai cheti. Kituo cha Buku-Larrŋgay Mulka, kinachomilikiwa na jamii ya Yirrkala yenyewe na kilichoanza mwaka 1976, hutoa kwa kila kazi namba ya orodha, jina la msanii, ukoo, fungu lake, na maelezo ya habari iliyochorwa. Namba hiyo huandikwa pia nyuma ya gome, basi ilinganishe. Muuzaji akikuambia tu "sanaa ya Kiaborijini" bila ukoo wala mahali, acha. Ripoti ya Tume ya Uzalishaji ya Australia ya mwaka 2022 ilikuta kwamba zaidi ya nusu ya fedha zinazotumika kununua zawadi za mtindo wa Kiaborijini huenda kwa vitu ambavyo si vya Waaborijini.

Kazi ikiuzwa tena Australia kupitia mfanyabiashara wa sanaa kwa dola 1,000 au zaidi, msanii au warithi wake hupata asilimia 5, kwa sheria iliyoanza kutumika Juni 2010. Muulize muuzaji kama anailipa.

Ninaishi Mombasa (au Muscat). Gome litadumu?

Litadumu ikiwa unyevu hautapanda na kushuka. Adui si unyevu wa pwani peke yake, bali kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku. Gome hutanuka na kusinyaa, rangi haiwezi kulifuata, hupasuka. Tafuta chumba chenye hali moja, unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ukiweza, ukuta wa ndani usiopigwa jua, mbali na jiko na mdomo wa kiyoyozi.

Gome litalegea au kupinda kidogo kufuata nyuzi zake. Hiyo ni tabia yake. Usilibonyeze, usilipigilie misumari, wala usilibane kwa kioo kinachogusa rangi. Fremu ya nyuma ya alumini iliyowekwa na kituo isiondolewe. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu. Kitambaa chenye maji, hata kidogo, kitaondoka na udongo mweupe kwanza. Ukiona unga mpya chini ya gome, huenda ni wadudu: litenge na vitu vingine vya mbao na umwite mtaalamu wa hifadhi kabla ya kupuliza dawa yoyote.

Naweza kunakili miny'tji kwenye kanga, fulana au ukuta wa hoteli?

Hapana. Hata Myolŋu hachori miny'tji ya ukoo usio wake bila ruhusa. Mwaka 1994 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliwapa wasanii Waaborijini, mmoja wao wa Yirrkala, fidia ya zaidi ya dola 180,000 baada ya kazi zao kunakiliwa kwenye mazulia yaliyofumwa Vietnam. Aliyenakiliwa huumia mara mbili: anaibiwa kazi, kisha anawajibika mbele ya ukoo kwa kuacha muundo mtakatifu ukanyagwe kwa miguu. Mbinu, kama kusaga udongo na kuvuta mstari kwa brashi ya nywele, unaweza kujifunza. Chora maji ya kwenu.

Kwa nini baadhi ya majina na picha za wasanii hufichwa?

Mtu akifariki, jina na sura yake huachwa kutajwa na kuonyeshwa hadi familia iseme basi. Muda haulingani. Kabla ya kuchapisha, uliza kituo cha sanaa. Katika ukurasa huu tumetaja kwa majina wasanii wanaoishi tu.

Naziona wapi?

Yirrkala yenyewe: ndege kutoka Darwin au Cairns hadi Gove, kisha mwendo mfupi wa gari. Kupita barabara za ardhi ya Wayolŋu kunahitaji kibali, omba mapema. Mjini Sydney nenda Makumbusho ya Taifa ya Bahari. Walioko Marekani wana mkusanyo mkubwa wa Kluge-Ruhe, wa Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville. Popote utakapokwenda, lisogelee gome mpaka uone mstari mmoja mmoja, kisha rudi nyuma hatua nne au tano. Bir'yun huonekana ukiwa unatembea.